Shajara ya tumbo langu: mradi wa kurudisha vyakula

Ukurasa wa kwanza

Asubuhi tumbo langu huwa tulivu. Ikifika alasiri limejaa na kukaza kama ngoma, mkanda unabana, gesi inazunguka isitoke, na maumivu yanashuka kutoka kitovuni kwenda upande wa kushoto. Zipo wiki ninazokimbilia choo kabla sijamaliza kula, na zipo nyingine choo hakiji kabisa. Nimeishi hivi kwa miaka, na hali yenyewe bado haina jina.

Kwa miaka hiyo yote, tumbo likichafuka, chakula kilicholiwa mwisho ndicho kilichobeba lawama. Ndivyo maziwa yalivyoondoka, yakafuatwa na maharage, sehemu kubwa ya mkate, vitunguu, karibu matunda yote, kisha mayai. Nimebaki na vyakula vichache, navyo navila kwa hofu, na tumbo bado halijatulia.

Sasa naligeuza jambo hili kuwa mradi. Swali moja kwa wakati mmoja, badiliko moja kwa wakati mmoja, na kila kitu kiandikwe siku hiyo hiyo. Lengo nimeliandika juu ya ukurasa kwa herufi kubwa: KURUDISHA. Wengi wetu wenye matumbo haya tunahesabu mafanikio kwa vyakula tulivyoacha. Mimi nataka kuhesabu vilivyorudi. Chakula kitakachobaki nje ya sahani yangu kiwe na ushahidi dhidi yake. Kisipokuwa na ushahidi, kirudi mezani.

Daftari lenyewe

Karatasi na kalamu vinatosha. Nimechora safu: saa ya kula, nilichokula na kiasi chake, saa ya dalili, dalili gani na ukali wake kuanzia 0 hadi 3, aina ya choo, usingizi wa usiku uliotangulia, dawa, na hali ya moyo siku hiyo. Anayepata hedhi aongeze safu ya hedhi pia, kwa sababu homoni hubadilisha mwendo wa utumbo. Wengi hulaumu chakula kwa jambo ambalo kalenda ingelieleza.

Kwa aina ya choo natumia jedwali la Bristol, lililoanzia Uingereza miaka ya 1990. Lina aina 7: ya 1 ni vipande vigumu vilivyotengana, ya 4 ni choo laini kisicho na nyufa, ya 7 ni maji matupu. Linaondoa aibu ya kujieleza mbele ya daktari. Unasema "jana 6, leo 2" na mmeshaelewana.

Safu ya saa ndiyo iliyonishangaza. Chakula hukaa kwenye mfuko wa tumbo saa mbili hadi nne hivi, kikapita utumbo mwembamba kwa saa nyingine kadhaa, kisha kikaingia utumbo mpana ambako kinaweza kukaa siku nzima au zaidi. Juu ya hapo, mwili una desturi yake: mfuko wa tumbo ukipokea chakula kipya, utumbo mpana hupata ishara ya kujikamua ili kupisha nafasi. Kila binadamu anayo ishara hiyo, na huwa na nguvu zaidi asubuhi na baada ya mlo wenye mafuta mengi. Kwa wengine, mimi nikiwemo, inapiga kwa kishindo. Kwa hiyo nikienda haja dakika chache baada ya kifungua kinywa, kinachotoka ni cha jana au juzi. Kifungua kinywa kimebonyeza kengele tu.

Hapo ndipo mayai yalipopata msamaha. Nilikuwa nikiyala asubuhi tu, yamekaangwa kwa mafuta, na dalili zilikuja papo hapo. Nimeyala mchana yakiwa yamechemshwa, kisha jioni, siku tofauti. Hakuna kilichotokea. Mayai yamerudi kabla hata mradi haujaanza kuondoa kitu.

Daktari, kabla ya kugusa ngano

Nilikwenda na kurasa za daftari. Daktari alizisoma kwa makini, jambo ambalo sikulizoea, kisha akasema: "Ngano usiiache bado. Endelea kuila kila siku mpaka tupime damu."

Sababu yake kila mwenye tumbo linalomsumbua anapaswa kuijua kabla hajaanza kujaribu vyakula nyumbani. Upo ugonjwa wa siliaki, unaompata takriban mtu 1 kati ya 100. Ndani yake gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, huufanya mfumo wa kinga ushambulie utando wa utumbo mwembamba. Vinyweleo vinavyofyonza virutubisho hulala, na mtu anaweza kupungukiwa damu, kudhoofika mifupa, au kuharisha kwa miaka bila kujua chanzo. Kipimo cha kwanza hutafuta kingamwili kwenye damu, ile iitwayo tTG-IgA, pamoja na kiwango cha IgA yote, kwa kuwa wapo watu ambao miili yao haitengenezi IgA ya kutosha na kipimo kikawapita. Sasa, ukiwa umeacha ngano, kingamwili hushuka, utando huanza kupona, na majibu yanaweza kutoka safi ilhali ugonjwa upo. Inashauriwa mtu awe amekula gluteni katika zaidi ya mlo mmoja kila siku kwa wiki 6 angalau kabla ya kupimwa.

Mimi mkate nilikuwa nimeupunguza, nikala kidogo sana. Ikabidi niurudishe kikamilifu na kungoja. Zile zilikuwa wiki ngumu, tumbo likivimba kila jioni, lakini nilijua ninachokisubiri.

Wakati wa kungoja nilisoma habari za Willem Karel Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi. Alikuwa akiishuku ngano tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili. Katika njaa ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 mkate uliadimika nchini kwake, na watoto wenye siliaki wakapata nafuu. Mkate uliporudi, wakaugua tena. Ushahidi ulikamilika kwa kurudi kwa chakula. Kuondoka kwake peke yake kusingetosha, maana mtoto anaweza kupata nafuu kwa sababu kumi. Nimeinakili habari hiyo karibu na lile neno la ukurasa wa kwanza.

Daktari aliniuliza pia maswali ambayo nayaandika hapa yote, kwa sababu ndiyo yanayotenganisha tumbo la kufanyiwa mradi na tumbo la kukimbizwa hospitali. Damu kwenye choo, au choo cheusi kama lami? Kupungua uzito bila kukusudia? Homa? Kuharisha kunakokuamsha usiku? Chakula kukwama wakati wa kumeza? Kutapika kusikokoma? Kupungukiwa damu? Kuna aliyepata saratani ya utumbo katika familia? Dalili zimeanza ukubwani, baada ya umri wa miaka 50? Jibu la ndiyo kwa lolote kati ya hayo, daftari linawekwa kando na uchunguzi unaanza. Na midomo ikivimba, ngozi ikitoka mapele au pumzi ikibana baada ya kula, huo ni mzio, unaoweza kuua kwa dakika chache. Chakula cha namna hiyo hakijaribiwi nyumbani hata kwa chembe.

Kwangu yote yalikuwa hapana. Alipima damu, akapima choo kutafuta vimelea vya jiadia na bakteria wa vidonda vya tumbo, Helicobacter pylori, na akaongeza kalprotektini, protini inayopanda kwenye choo utumbo unapokuwa na uvimbe wa ndani.

Majibu

Yote safi.

Nilifurahi, na papo hapo nikahisi upweke. Mwenye maumivu akiambiwa majibu ni mazuri husikia kana kwamba ameambiwa hana maumivu. Daktari huyu hakuishia hapo. Alisema: "Tumeondoa mabaya. Sasa tutafute kinachokusumbua." Nashukuru kwa sentensi hiyo kuliko dawa yoyote niliyowahi kuandikiwa, na natamani kila mgonjwa wa tumbo aambiwe vivyo hivyo.

Kipimo ambacho sikukifanya

Shangazi yangu amenitumia tangazo la kipimo cha damu kinachodai kutambua vyakula kwa mamia ambavyo mwili haupatani navyo, kwa kupima kingamwili za IgG. Amefanya hivyo kwa upendo, na nimemjibu kwa heshima: "Shangazi, nimeuliza." IgG dhidi ya chakula huonyesha kwamba mwili umekutana na chakula hicho, na mara nyingi kwamba umekizoea. Chama cha wataalamu wa mzio cha Ulaya, EAACI, kilitoa msimamo mwaka 2008 kwamba kipimo hicho kisitumike kutambua mzio wala hali ya kutovumilia chakula. Kingenirudishia orodha ndefu ya vyakula ninavyovila kila siku, nami nilishakuwa na orodha ndefu.

Maziwa na kipimo cha pumzi

Kwa maziwa kipimo cha kuaminika kipo. Laktosi, sukari ya maziwa, inahitaji kimeng'enya kiitwacho laktesi kilichoko kwenye utando wa utumbo mwembamba. Kimeng'enya kikiwa kichache, laktosi inapita bila kuvunjwa, inavuta maji ndani ya utumbo, na ikifika utumbo mpana bakteria wanaichachusha na kutoa gesi. Sehemu ya gesi hiyo ni haidrojeni. Seli za binadamu hazitengenezi haidrojeni hata kidogo, kwa hiyo ikionekana kwenye pumzi, imetoka kwa bakteria, ikaingia kwenye damu, ikatokea mapafuni.

Maandalizi ni ya kufuatwa kwa uaminifu: usiwe umetumia antibayotiki ndani ya wiki 4 zilizopita, ufunge usiku kucha, usivute sigara wala kufanya mazoezi siku hiyo. Nikanywa maji yenye laktosi, kisha nikapuliza kwenye kifaa kila baada ya nusu saa kwa takriban saa 3. Haidrojeni ikipanda kwa sehemu 20 kwa milioni juu ya kiwango cha mwanzo, kipimo kimekamata. Yangu ilipanda zaidi ya hapo, na tumbo likaanza kuunguruma palepale kwenye kiti.

Nilitoka nikiwa na kitu cha kushika mkononi. Na kitu chenyewe si cha ajabu: takriban theluthi mbili ya watu wazima duniani wana laktesi pungufu. Kupungua kwake baada ya utoto ndiyo hali ya asili ya binadamu. Wanaoendelea kumeng'enya maziwa vizuri ukubwani ndio waliorithi badiliko la kijeni.

Lakini kukosa laktesi ya kutosha si amri ya kuacha maziwa yote. Wengi wenye hali hii huweza kutumia gramu 12 za laktosi kwa mara moja, sawa na kikombe kimoja cha maziwa, bila dalili au kwa dalili ndogo, hasa pamoja na chakula kingine. Jibini ngumu iliyokomaa karibu haina laktosi. Mtindi una bakteria wanaosaidia kuivunja. Nilianza na mtindi, nusu kikombe pamoja na chakula. Ukapita. Jibini ikapita. Maziwa kwenye chai yakapita. Glasi nzima ya maziwa matupu, kwenye tumbo tupu, haikupita.

Kwa hiyo maziwa, yaliyokuwa nje ya nyumba yangu kwa miaka, yamerudi kwa sharti.

Bado alasiri zinavimba

Maziwa yalieleza sehemu tu. Daktari amenipeleka kwa mtaalamu wa lishe, naye amenieleza mpango uliotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash huko Melbourne, Australia. Unaitwa FODMAP, herufi za mwanzo za makundi ya sukari na wanga mfupi usiofyonzwa vizuri: fruktani zilizomo kwenye ngano, kitunguu maji na kitunguu saumu, galaktani za maharage na dengu, laktosi, fruktosi inapozidi, kama kwenye asali na embe, na polioli, kama manitoli ya uyoga na sorbitoli inayowekwa kwenye chingamu zisizo na sukari.

Jambo alilonieleza kwa uangalifu ni kwamba gesi hiyo kila mtu huitoa. Picha za MRI zimeonyesha kwamba watu wenye utumbo mwepesi kusumbuka na watu wazima wa afya wanaweza kupata gesi ya kiasi kinachokaribiana baada ya kula kitu kile kile. Tofauti iko kwenye mishipa ya fahamu ya utumbo, ambayo kwa baadhi yetu hupiga kelele mapema utumbo unapotanuka. Nilitulia niliposikia hivyo. Maana yake maumivu yangu ni ya kweli, na chakula chenyewe si sumu.

Mpango una hatua tatu: kuondoa makundi yote kwa wiki 2 hadi 6, kurudisha moja moja, kisha kujenga mlo wa kudumu ulio mpana kadiri tumbo linavyoruhusu. Hatua ya kwanza si ya kuishi nayo. Inawanyima bakteria wazuri chakula chao, na mtu anaweza kupungukiwa nyuzinyuzi na kalisiamu. Watoto, wajawazito, na yeyote aliyewahi kuwa na tatizo la kujinyima chakula wasiianze bila mtaalamu kando yao. Mimi mwenyewe, niliyekuwa nimeshajinyima mengi, mtaalamu amenisimamia kila wiki.

Kuondoa

Sina mengi ya kuandika. Ndani ya wiki ya pili alasiri zilianza kunyooka. Ukali uliokuwa 2 na 3 ukashuka hadi 0 na 1. Choo kikasogea kwenye aina ya 4. Nafuu kama hii inalewesha, na nimeelewa kwa nini wengi hubaki hapa miaka na miaka. Mtaalamu aliniambia: "Umepona kwa kuacha vitu vingi kwa pamoja. Bado hujui ni kipi." Tukapanga tarehe ya kurudisha siku ile ile.

Kigumu zaidi kilikuwa kula na watu. Kitunguu kimo kwenye karibu kila mchuzi, na kukiondoa ni kumwambia mpishi abadilishe chungu kizima. Nilijifunza kusema mapema, kabla chakula hakijaivishwa, kwa sentensi fupi: "Natibiwa tumbo, kwa wiki chache sili vitunguu." Neno "natibiwa" linaheshimiwa. Nikisema "hakinipatani" watu huanza kubishana nami kwa wema.

Kurudisha

Utaratibu: kundi moja, chakula kimoja kinachowakilisha kundi hilo, siku tatu mfululizo. Siku ya kwanza kiasi kidogo, ya pili cha wastani, ya tatu cha kawaida ya mlo. Dalili zikiwa kali, nasimama. Kisha siku mbili au tatu za kupumzika kabla ya kundi linalofuata. Wakati wote huo mlo mwingine unabaki uleule, hata kwa kile kilichofaulu, ili majibu yasichanganyikane.

Asali ilikuwa ya kwanza, kwa ajili ya fruktosi. Ikapita siku zote tatu. Nilikaa na kijiko mkononi nikiitazama orodha yangu ya zamani yenye matunda yaliyofutwa.

Uyoga: kidogo sawa, wastani sawa, sahani kamili ukaleta kuharisha, aina ya 6. Mpaka umejulikana.

Dengu na maharage niliyapa uzito, kwa sababu ndivyo vyakula nilivyovikosa kuliko vyote. Nililoweka usiku, nikamwaga maji, nikapikia maji mapya, kwa kuwa sehemu ya galaktani huyeyuka na kuondoka na maji ya kulowekea. Vijiko viwili, sawa. Robo kikombe, sawa, gesi ya kawaida tu. Nusu kikombe, maumivu ya 2 usiku. Robo kikombe ni mlo wa kutosha nikichanganya na vingine. Yamerudi, na siku hiyo nilimpigia mama simu kumwambia.

Ngano nayo ilinipa jibu ambalo sikulitarajia. Kipande kimoja cha mkate, sawa. Viwili, sawa. Vinne ndani ya siku moja, tumbo likavimba. Kitunguu saumu kikaanguka siku ya kwanza kabisa: punje moja mchana, na kufikia jioni nilikuwa nimejikunja kitandani. Kitunguu maji kilifuata njia hiyo hiyo kwa kiasi kidogo. Mkate na vitunguu vina fruktani zote, lakini kijiko cha kitunguu kimebeba nyingi kwa uzito wake. Kwa miaka niliulaumu mkate, na gluteni ndani yake, ilhali ulikuwa ukiliwa karibu kila mara na mchuzi wa vitunguu.

Mtaalamu hakushangaa. Alinieleza utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2018. Watu 59 waliojiona hawapatani na gluteni, na ambao hawakuwa na siliaki, walipewa vipande vya nafaka vyenye gluteni, vyenye fruktani, au visivyo na kimojawapo, wiki moja kwa kila aina, bila kujua wanakula kipi. Waliosumbuka zaidi kwa wastani walikuwa wamekula fruktani. Hilo haliwaambii wote wenye shida ya mkate kwamba wanajidanganya. Shida yao ilikuwa ya kweli. Jina lake ndilo lililokuwa jingine.

Kwa ladha ya kitunguu saumu natumia mafuta. Fruktani huyeyuka kwenye maji na haziyeyuki kwenye mafuta. Nakaanga punje nzima kwenye mafuta bila maji, nazitoa, napikia mafuta yale. Natengeneza ya mlo huo tu. Kitunguu saumu kilichotumbukizwa kwenye mafuta na kuachwa nje ya friji kinaweza kuotesha bakteria wa botulizimu, na huo si ugonjwa wa kuchezea.

Siku zisizo na maelezo

Zimo daftarini siku ambazo kila nilichokula kilikuwa kimefaulu, na bado tumbo likachafuka. Nyingine zilieleweka baada ya kuhesabu mlo mzima: robo ya dengu, vipande viwili vya mkate na uyoga kidogo, kila kimoja ndani ya mpaka wake, lakini vyote kwa pamoja vimeufurisha utumbo ule ule. Nyingine zilifuata usiku wa usingizi mbovu. Nyingine sikupata sababu, na nimeziandika hivyo hivyo: "sababu haikuonekana." Sitaki kumtafutia kila siku mbaya mshitakiwa, maana ndivyo mayai yalivyofungwa.

Hofu nayo huingia. Utumbo una mfumo wake wa fahamu wenye seli kwa mamilioni, unaoongea na ubongo pande zote mbili, na kutarajia maumivu peke yake kunaweza kuyaleta. Nilitaka kujua sehemu ya hofu kwenye maziwa ni ipi. Mwenzangu alinisaidia: siku nyingine alinipa maziwa ya kawaida, siku nyingine yaliyoondolewa laktosi, bila kuniambia. Ilibidi achanganye kakao na sukari, kwa kuwa maziwa yasiyo na laktosi huwa matamu zaidi, laktosi ikiwa imeshavunjwa kuwa glukosi na galaktosi, na ulimi ungeyatambua. Tulipofungua kumbukumbu zake, glasi za kawaida zilikuwa zimenisumbua kweli. Ila na baadhi ya zile zisizo na laktosi niliziandikia 1, na moja 2. Nimeyapokea yote mawili. Laktosi inaniumiza, na woga unaniumiza kidogo juu yake. Kwa huo woga nimeanza mazoezi ya kupumua kwa tumbo kabla ya kula, polepole, nikiwa nimekaa.

Hali ilivyo sasa

Daktari ameandika IBS, yaani utumbo mwepesi kusumbuka, kwenye faili langu na kuweka alama ya kuuliza. Vigezo vya Roma vya 2016, ambavyo madaktari hutumia kuitambua hali hiyo, vinataka maumivu ya tumbo angalau siku 1 kwa wiki katika miezi 3 iliyopita, yakiambatana na angalau mawili kati ya haya: kwenda haja kubwa, mabadiliko ya idadi ya kwenda choo, na mabadiliko ya aina ya choo, na dalili ziwe zimeanza miezi 6 au zaidi nyuma. Natimiza. Ila anataka kwanza kuangalia kama nyongo inafyonzwa sawasawa, kwa sababu nyongo inayomwagika kwenye utumbo mpana nayo huleta kuharisha. Kwa fruktani hakuna kipimo cha damu cha kuthibitisha, kwa hiyo daftari ndilo ushahidi tulionao.

Vilivyorudi bila sharti: mayai, asali, mtindi, jibini ngumu. Vilivyorudi kwa kiasi: maziwa, mkate, maharage, dengu, uyoga. Vilivyobaki nje kwa ushahidi: kitunguu saumu na kitunguu maji. Hivyo viwili navyo tutavijaribu tena baada ya miezi kadhaa, kwa kuwa ustahimilivu wa utumbo hubadilika, na sitaki hukumu ya leo iwe ya milele.

Embe bado halijajaribiwa, wala tufaha lenye fruktosi na sorbitoli kwa pamoja. Tufaha linaanza Jumatatu: robo moja, mchana, bila kitu kingine chenye shaka siku hiyo.